Nyasi za Ngamia

Usiku wa kuamkia tarehe sita Januari
watoto wa Ituzaingó, nyuma ya uwanja wa Maroñas,
huweka viatu dirishani,
bakuli la maji, fungu la nyasi,
kwa ajili ya ngamia wa Wafalme Watatu
wanaotoka mbali mno
na hufika Montevideo wakiwa na njaa.

Etelvina Bidegain, miaka hamsini na saba, hana mtoto.
Ana farasi, na farasi si wake.
Naye kaweka mabuti ya mpira mlangoni mwa banda namba tisa,
kakata nyasi kando ya reli, kajaza ndoo,
akijua fika ni nani atakayezila.

Alfajiri nyasi hazipo.
Cerrazón, yaani ukungu mzito, ule wa kuficha mto na meli zake,
anamtazama kwa jicho moja
kama mgeni aliyemaliza pilau kabla bwana harusi hajafika.
Ndani ya buti la kushoto, zawadi:
ute wa kijani, bado una joto.
Etelvina analikung'uta, analivaa,
anafyonza yerba yake kwa mrija wa chuma
na kusema, Ahsante, Wafalme.

Wengine wamelala vizuri zaidi.
Yule Chongo (jina tu, macho yake mazima yote mawili)
kaja kwa ndege kutoka Sao Paulo
na feni yake, na mapipa ya maji ya kwao.
Na yupo Tutaona.
Wazee wa dirisha la kamari wanapenda kumtaja:
Nani atashinda? Tutaona.
Una hakika? Tutaona!
Wanacheka tangu asubuhi, hawajachoka.

Saa moja jioni, na jua la kiangazi halijui kutua.
Mita elfu mbili na mia nne.
Etelvina amesimama penye uwazi wa watunzaji,
hatamu tupu begani.

Milango ikafyatuka,
farasi wakachomoka,
vumbi juu likazuka,
jua likapigwa giza.

Tutaona yu usoni,
Chongo yuko ubavuni,
Ukungu yuko foleni,
wa tisa, anajikaza.

Haoni ila kofia,
mabega yamezuia,
kwa nyayo anasikia
udongo wamueleza:

kona ya mwisho yafika,
Ukungu awaka waka,
wa tano, pengo lacheka,
mstari ukateleza.

Wa nne.
Wa nne hapigwi picha.
Mwenye farasi katazama saa yake, si farasi,
kaondoka na wageni wake kuelekea kwenye vivuli na barafu.
Wilson Berrutti anashuka, meno tu ndiyo meupe usoni,
anafungua tandiko, anasema:
Angepata mita hamsini zaidi, mama, hamsini tu.
Etelvina anavisha hatamu.
Hizo hamsini zipo kila mwaka, Wilson.
Ziko baada ya mstari.

Kule dirishani wazee wanakumbatiana:
Tumeona! Tumeona!

Anamtembeza mpaka mishipa ya shingo ishuke.
Anamwagia maji, anakwangua jasho kwa ubapa wa chuma,
povu linateremka miguuni likiwa na rangi ya njia.
Kwa kidole anamtoa mchanga puani.
Mkono wake unatetemeka kidogo; anaubana kwapani hadi utulie.

Mtoto wa jirani anafika na baiskeli mpya,
karatasi ya zawadi bado imenasa kwenye mnyororo.
Huyu ndiye aliyeshinda?
Huyu ndiye aliyekula nyasi za ngamia.
Mtoto anafikiri, mguu mmoja chini.
Na ngamia je?
Etelvina anaikamua sponji, anaitazama barabara,
mataa yake yanayoanza kuwaka moja moja.
Walipita na njaa yao, anasema.
Wamezoea.